Mrejesho: fuvu la pongo limetakata

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kusafisha fuvu la pongo niliyemwinda kwa kibali huku Tabora, nilitundike ukutani na pembe zake.

Mlionikataza kulitokosa, asanteni. Nilitumia jiko la mkaa, moto mdogo maji yasitokote, na sabuni ya vyombo, pembe zikiwa nje ya maji, kwa saa 3 hivi. Nyama ikabanduka kwa kisu butu. Ubongo niliuchokonoa kwa waya. Harufu ile, mama watoto alihamia kwa jirani!

Kulifanya jeupe, Jiki sikugusa, inakula mfupa. Nililifunika kwa pamba yenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, siku 2. Meno mawili yalichomoka, nikayarudishia gundi. Kisogoni bado panatoa mafuta, kwa hiyo Jumamosi linarudi kwenye sabuni.