Tupeane uzoefu: kupima umbali kwenye ramani unapomtafuta aliyepotea

Mleta mada
Wakuu, salaam. Najitolea kwenye kikundi cha uokoaji huku Uluguru, Morogoro. Kuna kosa la skeli (uwiano wa ramani na ardhi yenyewe) nililifanya na bado linaniuma, nikaona nianze mimi, nanyi mtoe yenu.

Mama mmoja alikwenda kuokota kuni, jioni hakurudi. Wenzake wakatuonyesha kwenye ramani walipoachana naye. Ramani ni 1:50,000, kila sentimita 2 ni kilomita 1. Nikaweka rula: sentimita 7. Nikawatangazia watu kilomita 3.5, ndani ya saa moja tumefika. Tulifika baada ya mwendo wa saa tatu, giza totoro, maji yametuishia. Alikuwa hai, kifundo cha mguu kimeteguka, anatetemeka kwa baridi. Rula ilinipa anakopita ndege, na njia inazunguka makorongo mawili. Kesho yake nikapima upya kwa uzi, nikiulaza kwenye kila kona: sentimita 12. Kilomita 6!

Mpima Ardhi
Pole mkuu, na hongereni kwa kumpata. Wengi husema mlima ndio unaorefusha njia. Piga hesabu: kilomita 3.5 za ramani ukipanda mita 700 zinakuwa kama 3.57. Zimeongezeka mita 70 tu. Mlima unakula muda. Sisi tunaweka saa 1 kwa kilomita 5, halafu saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, tukizisoma kwenye kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani. Na hapo hamjabeba machela.

Binti Kirinyaga
Yangu ni ya fotokopi. Tulikuwa tunatafuta vijana wawili upande wa Naro Moru, Mlima Kenya. Ramani ikapunguzwa kutoka A3 hadi A4 ili kila kundi lipate nakala. Maandishi yakabaki 1:50,000, lakini zile sentimita 2 zilishashuka hadi 1.4. Tukapima sentimita 5.6, tukasoma kilomita 2.8. Kumbe ni 4! Tukahesabu hatua zetu hadi 2.8, tukasimama kuita na kupuliza filimbi pasipo na mtu, zaidi ya kilomita moja kabla ya walipokuwa. Tangu siku hiyo siuamini uwiano ulioandikwa kabla sijapima mraba mmoja wa gridi, ambao upande wake ni kilomita 1, yaani unatakiwa uwe sentimita 2. Mstari wa skeli ulio chini ya ramani hupungua pamoja na ramani yenyewe, huo nautumia, mradi aliyenakili hakuukata.

Baharia wa Tanga
Maili moja ya baharini, mita 1,852, ni dakika moja ya latitudo, kwa hiyo bikari ya kupimia unaipeleka pembeni mwa chati (ramani ya bahari), kwenye vipimo vya latitudo. Huku kwetu karibu na ikweta hata ukipima chini, kwenye longitudo, tofauti huioni. Nikazoea vibaya. Nilipokuwa kazini Norway, kwenye zoezi la kumtafuta mtu aliyeanguka majini, nikapima chini: maili 12. Nahodha akanirudisha pembeni: 6. Kule latitudo 60, dakika ya longitudo ni nusu ya ile ya latitudo. Lingekuwa tukio la kweli, kwenye maji baridi kama yale, ningeipeleka boti mbali mara mbili ya alipo.

Mleta mada
Dada, hiyo ya mraba nimeifanya jioni hii. Nimetoa nakala zetu zote kabatini, nikazipitia kwa rula moja moja. Mbili zina miraba ya sentimita 1.9.