Zoezi la moto usiku bwenini bila kuwaambia watoto, ndo inavyotakiwa?

Mama Shangani: Wakuu habari za jioni. Binti yangu yuko fomu wani bodingi hapahapa Mtwara. Juzi usiku wamechoma matairi nyuma ya bweni, matroni anapiga kelele moto moto, watoto wakajua kweli wakakanyagana mlangoni, wangu kachubuka magoti na mwenzie mwenye pumu akakimbizwa dispensari. Sasa kila akipata simu ni kulia tu nimtoe asome kutwa. Mazoezi siyapingi ila ndo yanafanywaga hivi?

Korosho Ghafi: Pole ila tusiwadekeze, moto haupigi hodi. Shule ya Shauritanga kule Kilimanjaro, bweni liliwaka moto 1994 wakafa mabinti zaidi ya 40.

Mwl wa Masasi: @Korosho Ghafi ndo maana ya zoezi wajue njia, sasa mtoto aliyepagawa njia ataijuaje? Sisi tulianza mchana kweupe, tumewaambia tangu paredi, bweni moja moja, wanatembea hawakimbii mpaka chini ya mwembe halafu mwalimu wa zamu anaita majina. Baadaye ndo tukasema ni wiki hii ila siku hatutaji, ya usiku ikaja mwisho kabisa. Na kabla ya filimbi mtu anatangaza HILI NI ZOEZI. Mwenye pumu au mguu mbovu anapangiwa mwenzie wa kutoka nae, asiyesikia anaamshwa kwa kuguswa maana kengele kwake ni bure.

Kaka Tochi: Moshi wa tairi ni sumu jamani, hilo sio zoezi tena! Hata Marekani wanakofanya mazoezi ya mtu kaingia shuleni na bunduki, chama cha madaktari wa watoto mwaka 2020 kilishasema wasiwaigizie watoto vitisho kama vya kweli. Waiteni zimamoto waje wafundishe wao, namba ya dharura ni 114.

Mtoto wa Lindi: Na wazazi mpewe meseji kabla. Mnakumbuka Aprili 2019 kimbunga Kenneth, kila mtu anasema lake huku wengine wanakimbilia milimani, mwisho kikapiga Msumbiji. Wazazi wakisikia tu moto shuleni, bodaboda zinajaa getini na gari la zimamoto halipiti.

Mama Shangani: Asanteni sana. Jumamosi kuna kikao cha wazazi nitaliongea.

Mwl wa Masasi: Dada ulizia pia ufunguo wa bweni usiku anakaa nao nani, na kama madirisha yana nondo yapi yanafunguka kwa ndani. Wakijiumauma hapo hata zoezi liahirishwe kwanza.