Lishe ya ng'ombe wa maziwa: kazi hii itanilisha Pemba?

BintiWete
Assalaam alaykum. Nimemaliza diploma ya mifugo, nipo nyumbani Wete. Nataka kwenda Sokoine, Morogoro, nikasome sayansi ya wanyama kisha nibobee lishe ya ng'ombe wa maziwa, nifanye utafiti na kushauri wafugaji. Mama anasema bora udaktari wa mifugo: ng'ombe akiumwa watu hutoa pesa, lakini nani atalipa kuambiwa ng'ombe wake ale nini? Sina la kumjibu.

MzeeWaMajani
Wa alaykum salaam mwanangu. Mama yako kasema nusu ya kweli. Mfugaji wa kwetu halipii maneno, hulipia maziwa yaliyoongezeka, nayo yataka yaonekane. Mimi nashauri wafugaji huku Unguja, na kitu cha mwanzo kushuka kwenye vespa yangu ni mizani ya kuning'iniza.

Chukua ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa. Anataka kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12 za chakula kikavu, uzito wa chakula ukitoa maji yake. Majani ya tembo mabichi, masika hasa, maji tupu zaidi ya asilimia 80. Kwa majani peke yake hapo ni zaidi ya kilo 60! Mwenyewe atakwambia, "Nampa mizigo miwili, anashiba." Ipime hiyo mizigo. Mara nyingi kazi yangu huishia hapo hapo: majani hayatoshi, na maji ya kunywa ni ndoo moja. Hata pumba hatujaigusa.

Na hiyo pumba! Ya mpunga mara nyingi hutoka mashineni imechanganyika na makapi. Gunia limejaa, mnyama hapati kitu. Mashudu nayo, yale mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, mtu akiyatia urea, ile mbolea, maabara haitashtuka, maana protini hupimwa kwa naitrojeni, ikazidishwa kwa 6.25, na urea ina naitrojeni tele. Kwa hiyo kemia usiikimbie.

Nafasi za utafiti ni chache, nisikudanganye. Taasisi za utafiti wa mifugo ni hizi: ipo ZALIRI kwetu Zanzibar, bara ipo TALIRI, Nairobi ipo ILRI ya kimataifa. Lakini maswali ya kwetu hayajesha: mashudu ya nazi, maganda ya muhogo yaliyokaushwa vizuri, majani ya mti wa mlusina. Huo mlusina una protini nyingi, ila una mimosini, sumu yake ya asili, usipitishe thuluthi ya chakula.

Jambo moja tu nakukataza: kamisheni ya muuza chakula. Ukishalipwa kwa gunia, utamwambiaje mtu apande majani?

DaktaChake
Mimi ndiye huyo daktari anayesifiwa na mama. Ng'ombe kazaa, kaanguka, hainuki, naitwa usiku na dripu ya kalisiamu. Huo ugonjwa ni wa lishe, dada! Njoo unipunguzie safari.

BintiWete
Ahsanteni sana. Mama kasoma yote, kacheka hapo kwa Dakta. Mzee, jirani ana ng'ombe wawili, kakubali nianze kwake. Nipime nini?

MzeeWaMajani
Majani yanayoingia, lita za asubuhi na jioni, na majani yanayobaki horini. Hayo ya mwisho ndiyo watu hawayaandiki, nayo ndiyo yanayokwambia kala nini. Na kama hori linakutwa tupu kila alfajiri, anza kwa kuongeza majani kabla ya kununua chochote.