Mkopo wa kwanza wa nyumba ukiwa na historia mbaya CRB

Mpangaji wa Kahawa West:

Hamjambo nyote. Nimepata nyumba ya vyumba viwili vya kulala kando ya Barabara ya Thika ambayo mwenyewe anaiuza kwa shilingi milioni 4.4. Nina akiba ya shilingi 700,000, mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 95,000 kwa mwezi, na ajira yangu ni ya kudumu. Kinachonitia wasiwasi ni CRB, yaani mashirika yanayoweka kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Mwaka 2020 hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi ilifungwa kwa sababu ya Korona, nami nikashindwa kurejesha mkopo wa benki pamoja na mikopo miwili midogo ya simu. Yote niliimaliza mwaka 2022, nikapewa cheti. Majuzi nilipoitisha ripoti kamili, nimekuta mkopo wa benki umeandikwa kuwa ulilipwa kwa kuchelewa, huku mmoja wa ile ya simu ukionyesha kwamba bado nadaiwa shilingi 3,400, ilhali ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo ninao hadi leo.

Je, kuna benki itakayonisikiliza, au ningoje kwanza? Tena kuna kijana anayedai kwamba kwa shilingi 15,000 atalifuta jina langu CRB. Naomba ushauri wa mtu anayeyajua mambo haya kwa undani.

Afisa Mstaafu wa Mikopo:

Ndugu, huyo kijana usimpe hata senti. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuifuta taarifa iliyo sahihi, na ile isiyo sahihi utairekebisha mwenyewe bila malipo.

Watu wengi hudhani kwamba ukishapata cheti, basi umesafishwa. Cheti kinathibitisha tu kwamba siku kilipotolewa hukuwa na deni lililoshindikana kulipwa, lakini ripoti ndiyo inayosimulia jinsi ulivyolipa, na afisa wa mikopo ya nyumba husoma ripoti. Kwa mujibu wa kanuni za CRB, taarifa ya mkopo ulioshindikana huhifadhiwa kwa miaka mitano tangu deni lilipomalizwa. Wewe ulimaliza mwaka 2022, kwa hiyo itaonekana hadi mwaka 2027, na hilo halina njia ya mkato.

Hata hivyo, mambo mawili uliyoyataja hayana uzito sawa. Mkopo uliochelewa ukalipwa wote, na sababu yake ikawa ni kupoteza kazi mwaka 2020, ni jambo linaloelezeka. Maafisa wamesoma maombi ya aina hiyo hadi wakachoka. Andika barua fupi, uambatishe ile ya kuachishwa kazi na ile ya kumaliza deni. Kinachoweza kuliua ombi lako ni hizo shilingi 3,400, kwa sababu ripoti inasema wewe ni mdaiwa leo, na mfumo wa benki unaweza kukukataa kabla binadamu hajaifungua faili yako. Mwandikie mkopeshaji ukiambatisha ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala, kisha uwasilishe malalamiko rasmi kwa shirika lililokupa ripoti, ambalo lina wajibu wa kumwuliza mkopeshaji athibitishe au arekebishe. Mashirika yaliyoidhinishwa na Benki Kuu ni matatu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kosa likirekebishwa kwa mmoja linaweza kubaki kwa wengine wawili. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka, kwa hiyo itisha zote tatu.

Ukishamaliza hapo, uangalie hesabu, maana nahofia ndiyo itakayokusumbua zaidi kuliko CRB. Sheria ya Ajira inataka makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili, na benki hupima uwezo wako kwa kipimo hicho hicho. Theluthi mbili za shilingi 95,000 ni kama shilingi 63,300. Ukiondoa kodi ya mapato, mchango wa pensheni wa NSSF, bima ya afya ya SHA na ushuru wa nyumba, unabakiwa na takriban shilingi 36,000 za kulipia mkopo. Tuseme unakopa milioni 4 ili ubakize sehemu ya akiba: kwa riba ya asilimia 9.5 kwa miaka 20 zinadai kama shilingi 37,300 kila mwezi, kwa hiyo tayari umevuka kiwango chako. Kwa riba ya asilimia 14.5 zinadai zaidi ya shilingi 51,000, na hapo hakuna mazungumzo. Uwezo wako uko karibu na milioni 3.8, tena kwa riba nafuu pekee. Kwa hiyo ulizia benki na Sacco zinazokopesha kwa fedha za KMRC, shirika linalofadhili wakopeshaji wa mikopo ya nyumba. Shirika hilo halimkopeshi mwananchi moja kwa moja, bali huwapa wakopeshaji fedha za muda mrefu ili riba ishuke.

Mwana-Sacco wa Donholm:

Nakubaliana na mzee hapo juu, ila naona amepita haraka kwenye Sacco. Huko wanakujua kwa akiba yako ya kila mwezi na kwa wadhamini wako, ingawa nao huangalia CRB. Kama bado hujajiunga, jiunge sasa. Kufikia mwaka 2027 utakuwa na rekodi mpya ya kuweka na kulipa, na rekodi mpya ndiyo huifunika ya zamani. Pia chunguza mfuko wako wa pensheni. Kanuni zinaruhusu sehemu ya akiba ya uzeeni itumike kununua nyumba ya kuishi, au iwe dhamana ya mkopo wa nyumba, mradi tu masharti ya mfuko wenyewe yanakubali.

Mpangaji wa Kahawa West:

Nashukuru sana, wazee wangu. Hesabu hiyo ya theluthi mbili sikuwa nimeifanya. Mke wangu ni mwalimu na hajawahi kuchelewesha mkopo wowote. Je, aombe peke yake ili jina langu lisionekane kabisa?

Wakili wa Ardhi:

Anaweza, lakini mshahara wako hautahesabiwa, na wake pekee ndio utakaobeba mkopo wote. Mkiomba pamoja, ripoti za nyote wawili zitaitishwa. Jina lako halitakosekana kabisa hata akiomba peke yake, kwani nyumba mnayoishi kama mume na mke haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kwa maoni yangu, rekebisheni kwanza zile shilingi 3,400, kisha mwombe pamoja, kwa sababu mishahara miwili inalitatua tatizo la theluthi mbili ambalo mzee amelieleza.

Niongeze jambo ambalo wanunuzi wa mara ya kwanza hulisahau: usiitoe akiba yote kama malipo ya kwanza. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, yaani shilingi 176,000 kwa hiyo yenu, na juu yake kuna ada ya mthamini, ya wakili wenu na ya wakili wa benki, ambayo kwa kawaida hulipwa na mkopaji. Mtu hukubaliwa mkopo, kisha akakimbilia mkopo wa simu ili alipe ada hizo, na benki ikiitisha ripoti upya kabla ya kutoa fedha, inaukuta huo mkopo mpya. Baada ya kuwasilisha ombi, msichukue mkopo wowote, hata ule mdogo wa M-Pesa uitwao Fuliza, hadi muuzaji alipwe.