Naomba ushauri: Kutembea Noto na mama mwenye maumivu ya magoti

Habarini ndugu zangu. Mwezi ujao nampeleka mama Noto, kule Sicily, Italia. Magoti yanamsumbua, lakini ana hamu kubwa ya kuuona mji huo uliojengwa upya kwa mtindo wa Baroko baada ya tetemeko la 1693.

Kutoka Porta Reale, lango la kuingilia mjini, hadi kanisa kuu la San Nicolò sina shaka, barabara ni tambarare. Tatizo ni mtaa wa Via Nicolaci, penye roshani zilizobebwa na simba na farasi wa mawe wenye mabawa. Pale ni mlima, na ramani ya simu hainionyeshi ukali wake.

Mliofika, tupande teksi hadi Noto Alta, sehemu ya juu ya mji, kisha tushuke taratibu, au kushuka ndiko kutamuumiza zaidi? Na kanisani, kuna njia ya kuepuka zile ngazi za mbele?