Sindano za kushonea ngozi: namba ipi, ncha ipi, na kwa nini mshono unaruka?

fundi_mikoba

Wakuu, habari za kazi. Nashona mikoba ya ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 1.2. Sehemu kubwa ni tabaka mbili, ila kwenye kona za zipu zinafika tatu. Cherehani ni Butterfly ya miguu, ile nyeusi ya kawaida. Sindano ni namba 14 ya nguo, uzi ni naironi tiketi 40 (tiketi ni namba ya unene wa uzi).

Shida zangu: mshono unaruka, uzi unachanika nyuzinyuzi pale kwenye tundu la sindano, na kwenye zile kona sindano inakatika. Dukani nimeuziwa pakiti iliyoandikwa DBx1 LR 18 nikaambiwa ndizo za ngozi, lakini haziketi vizuri kwenye mashine. Ninunue zipi hasa? Bitana yangu ni reksini (ngozi bandia), je, sindano hiyo hiyo itafaa? Na mikono ya mkoba ni tabaka nne, niipitishe kwenye mashine au nishone kwa mkono?

cherehani_kuukuu

Mkuu, umeuziwa sindano ya ngozi kweli, ila ya mashine nyingine. Kwenye pakiti kuna mambo matatu tofauti, na wauzaji wengi wanakusomea moja tu: sistimu, ncha na namba.

Sistimu ndiyo inayoamua kama sindano itaingia. Butterfly ya nyumbani inatumia HAx1, ambayo pakiti nyingine zinaiandika 15x1 au 130/705 H. Ni kitu kile kile. Utaitambua kwa shina lake: upande mmoja ni bapa. DBx1 ni ya cherehani za kiwandani, shina lake ni la mviringo na ni jembamba, kama milimita 1.6, wakati la HAx1 ni milimita 2. Ndiyo maana inacheza ukiifunga. Kuna wanaoilazimisha kwa kukaza skrubu. Inakaa, lakini inasogea pembeni kidogo na haina ubapa wa kukuonyesha imeelekea wapi. Irudishe dukani kama wanakubali.

Omba HAx1 ya ngozi. Kwenye pakiti za 130/705 H tafuta herufi LL baada ya H. Ukiifunga, ule mfereji mrefu uelekee upande unaoingizia uzi, na kile kibonyeo kifupi juu ya tundu kielekee kwenye ndoano ya chini inayoshika uzi. Sukuma mpaka ifike juu kabisa ndipo ukaze. Sindano ikishuka hata milimita moja tu, ndoano inapita bila kukuta kitanzi cha uzi, na hapo mshono unaruka hata kama ncha ni sahihi.

Namba: 18 kwa uzi wako wa tiketi 40. Pakiti itaandika 110/18. Ile 110 ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 1.10. Namba 16 inaweza kupita kwenye ngozi laini. Ukishuka uzi ukawa tiketi 60, tumia 14 au 16. Ukipanda mpaka tiketi 30 unahitaji 19. Tiketi 20 inataka 22, na hapo iache Butterfly ipumzike, hiyo ni kazi ya mashine nzito. Kumbuka tiketi inakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba.

Kujua kama uzi na sindano vinaelewana, kata uzi kama sentimita 30, utie kwenye sindano iliyo nje ya mashine, kisha ushike uzi umekazwa kwa mshazari. Sindano iteleze yenyewe mpaka chini. Ikikwama, tundu ni dogo. Huko kuchanika kwa uzi wako kunaanzia hapo, tiketi 40 kwenye sindano 14.

BintiNgozi

Naongezea kwa kaka hapo juu. Sindano ndogo ina madhara mengine ambayo watu huyasingizia tensheni, yaani mkazo wa uzi. Tobo likiwa dogo, fundo la uzi wa juu na wa chini haliwezi kupanda likajificha katikati ya ngozi, linabaki chini likionekana. Fundi anakaza uzi wa juu, anakaza tena, mwishowe uzi unakatika. Kabla ya kugusa tensheni, panda namba moja ya sindano ujaribu kwenye kipande cha taka. Ukipanda kupita kiasi utaona kinyume chake: tobo linabaki wazi kuzunguka uzi na fundo linavutwa mpaka juu.

Kuhusu ncha. Sindano ya nguo inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni. Ngozi haina nyuzi zilizofumwa za kusogezwa hivyo, kwa hiyo sindano ya ngozi ina makali na inakata. Muhimu ni inakata kuelekea wapi. Toa uzi, shona sentimita 5 kwenye kipande cha taka, kisha kiinue kwenye mwanga. Utaona vijichanjo. LR inakata mshazari wa digrii 45, mshono unalala upande kidogo, na ndiyo ya kazi nyingi za mikoba na viatu. S inakata kufuata mstari wa mshono, uzi unanyooka vizuri sana, lakini vichanjo vinafuatana, hivyo inataka hatua ndefu, yaani umbali mkubwa kati ya tobo na tobo. Ukishona S kwa hatua fupi, ngozi inachanika kama karatasi ya stempu. D ina pembe tatu, ni ya ngozi ngumu na nene kama mikanda. Herufi hizi utazikuta zaidi kwenye sindano za kiwandani. Za nyumbani kwa kawaida unapata aina moja tu ya ngozi, nayo inatosha.

Hatua usishuke chini ya milimita 3, na kwa mkoba 3.5 hadi 4 inapendeza zaidi.

Na usirudishe mshono nyuma mwishoni kama unavyofanya kwenye nguo! Sindano itakata upya pembeni ya matobo yale yale, kidogo itaukata hata uzi uliokwisha kupita. Acha mkia wa sentimita 10, vuta uzi wa juu uje upande wa ndani, funga mara mbili, kata ubaki milimita 2 au 3, kisha yeyusha kwa kiberiti cha gesi. Naironi na polista zinayeyuka, pamba haiyeyuki.

Reksini: usiitumie sindano ya ngozi ukiwa unashona reksini peke yake. Mgongo wake ni kitambaa, na makali yanakikata, kisha mshono unaachia ukivutwa. Tumia sindano ya kawaida au ya jinzi namba 16. Ila pale reksini inaposhonwa pamoja na ngozi, sindano ya ngozi itumike tu, kwa hatua ndefu.

fundi_mikoba

Asanteni sana. Nimepata HAx1 ya ngozi namba 18. Tabaka mbili sasa uzi hauchaniki, lakini bado inaruka mshono mmojammoja, hasa nikikaribia kona.

cherehani_kuukuu

Tazama ngozi wakati sindano inapanda. Kama inanyanyuka pamoja nayo, tatizo ni hapo: kitanzi cha uzi kinatokea pale sindano inapoanza kupanda na ngozi imebaki chini. Ngozi ikipanda nayo, kitanzi hakitokei. Ongeza mgandamizo wa kiguu kinachobana ngozi kwa ile skrubu ya juu, punguza mwendo, na angalia kibati cha chini: tobo lake likiwa limepanuka kwa kugongwa na sindano, ngozi inazama humo. Badilisha kibati.

Angalia gundi pia. Ukishona kabla haijakauka inaganda kwenye sindano juu ya tundu. Subiri ikauke kabisa, na ufute sindano kwa kitambaa chenye spiriti kila ukiona inanata.

Kwenye kona yenyewe, punguza unene kabla ya kushona. Kwa kisu kikali, upande wa ndani, ifikishe kingo kama milimita 0.7, upana wa sentimita 1 hivi, ili tabaka tatu zisizidi sana mbili. Hapo toa mguu kwenye pedeli, zungusha gurudumu kwa mkono. Ukitaka kugeuza, shusha sindano mpaka chini kabisa, iache ianze kupanda kidogo ndipo uinue kiguu. Ukigeuza ikiwa chini kabisa, ndoano haijashika kitanzi bado, na mshono wa kona ndio unaoruka. Usivute ngozi kwa nyuma, sindano inapinda, inagonga kibati na kukatika.

Ukianza kusikia mlio wa kugonga kila sindano inapoingia, ncha imekwisha. Tupa.

Msharasi

Mikono ya tabaka nne ni karibu milimita 5. Shona kwa mkono, usiitese mashine.

Hapa sindano inabadilika kabisa: unataka ncha butu. Tobo linatobolewa na msharasi, ule wa bapa wenye umbo la almasi, sindano inapitisha uzi tu. Sindano mbili, moja kila mwisho wa uzi, zinapishana kwenye tobo moja. Ikiwa na ncha kali itachoma uzi uliotangulia na hutaweza tena kukaza. Zile za pembe tatu za kushonea glavu ni nzuri kwa ngozi laini ya mbuzi bila msharasi, kwa uzi mmoja tu. Shazia ya magunia iache, tobo lake ni kubwa mno.

Kwa uzi wa milimita 0.6 hadi 0.8 chukua namba 4, uzi wa milimita 1 chukua namba 2. Hizi nazo zinakwenda kinyume, namba ndogo ni sindano nene. Chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni, matobo kila milimita 4, yote yalale mshazari upande mmoja. Uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono, na ziada ya kushikia. Mkono wa sentimita 40 unakula karibu mita 2. Upake nta ya nyuki kama haukuja na nta. Sindano ikigoma kutoka, ivute kwa koleo iende sawa na tobo. Ukiipinda inakatika kwenye tundu.