Ushauri: draiva yangu ya GPU inasoma bafa iliyokwisha kufutwa

Mjenzi_C: Wakuu, habari za leo. Naandika draiva ndogo ya GPU (kichakata picha) kwenye Linux, natumia GEM, sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayosimamia kumbukumbu za GPU. Ioctl yangu (ombi la programu kwa draiva) ya kuunda bafa (eneo la kumbukumbu) inatenga kumbukumbu, inaita drm_gem_handle_create ili programu ipate namba ya bafa, inaita drm_gem_object_put (kuachia rejeo, yaani dai langu kwa bafa; madai yakiisha bafa inafutwa), halafu inaandika ukubwa wa bafa kwenye jibu. Miezi yote ilikuwa shwari. Juzi nimewasha KASAN (kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu kwenye kerneli) na jaribio la nyuzi 8 (kazi 8 zinazokwenda sambamba), ikalalamika kuwa nasoma kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Nikiondoa ile put malalamiko yanaisha, ila kumbukumbu inavuja hadi mashine inakwama. Nakosea wapi?

kurasa_tupu: Mkuu, irudishe put. Kosa ni mpangilio. drm_gem_handle_create ikifanikiwa, namba iko hai papo hapo, hata kabla ioctl yako haijarudi. Namba hutolewa kwa kufuatana kuanzia 1, kwa hiyo uzi wa pili unaibahatisha kirahisi na kuita DRM_IOCTL_GEM_CLOSE, ombi la kufunga namba. Rejeo la namba limeondoka, la kwako umeshaliachia, hesabu imefika sifuri. Ukubwa unaousoma ni wa bafa ambayo haipo tena. Andika jibu kwanza, put iwe ya mwisho.

BintiKerneli: Nakazia. Na bafa iwe imekamilika kabla namba haijatoka. Kwangu uzi mwingine uliwahi kufanya mmap (kuiunganisha bafa na kumbukumbu ya programu) wakati kurasa zake za kumbukumbu hazijatengwa, nikahangaika wiki nzima. Kagua pia drm_gem_object_lookup, inayotafuta bafa kwa namba yake: inaongeza rejeo, kwa hiyo kila njia ya kutokea, hata ya kosa, inadai put yake.

Mjenzi_C: Nimeelewa, asanteni sana. Kugawana bafa na programu nyingine je? Flink, ile njia ya kuipa bafa jina la namba, naiona nyepesi.

BintiKerneli: Achana nayo, tafadhali. Jina la flink ni la kifaa kizima: programu iliyothibitishwa ikibahatisha namba, inafungua bafa ya mwenzake. Ukitumia renderD128 (faili la kifaa la kazi za GPU tu, bila kusimamia skrini) flink haipatikani kabisa. Tumia dma-buf (njia ya kerneli ya kugawana bafa), upeleke fd (namba ya faili lililofunguliwa) kwa soketi ya Unix, njia ya programu za mashine moja kuwasiliana, aipate uliyempa tu. Ila ukiingiza dma-buf ileile mara mbili kwenye faili moja la DRM (sehemu ya kerneli ya GPU) ulilofungua, unarudishiwa namba ileile. GEM_CLOSE moja inaifunga kwa wote, na kerneli haikuhesabii hilo. Hesabu iweke kwenye programu.

Mjenzi_C: Nimehamisha put. Jaribio limekwenda saa 6, KASAN kimya, kumbukumbu haivuji. Kesho naingia dma-buf.